Sikumsamehe Mzee Barnabe

Haya niliyaandika kwa mkono wa kushoto, na binti yangu Neema akayapiga kwenye kompyuta huku akinung'unika. Alipofika kwenye jina la bosi akasimamisha vidole.

"Mum, you can't put his name."

"Kwani hana jina?"

"You know what I mean."

"Andika. Craig. Herufi zake unazijua wewe kuliko mimi."

Kaandika.

Mimi ni Mama Neema. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambini Tanzania, nikaletwa Sydney nikiwa mtu mzima. Shule niliiacha nikiwa bado mchanga. Nimefanya kazi ya msaidizi wa fundi umeme, upande wa mitambo ya kupasha joto nyumba na maji ya kuoga, mpaka juzi daktari aliponiambia basi. Umri wa kustaafu haujanifikia. Nimestaafishwa.

Nyinyi vijana mlioingia nyuma yangu mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Sawa. Lakini nimesikia pia hadithi mnayosimuliwa asubuhi kabla hamjaingia kwenye magari: kwamba kuna mama wa Kiafrika aliungua chini ya nyumba kwa sababu mzee wake wa kazi, naye Mwafrika, alisahau kuzima swichi. Mnaambiwa hivyo ili muwe waangalifu. Huyo mama ni mimi. Mzee hakusahau kitu. Someni polepole.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Lidcombe, mtaa mmoja wa hapa Sydney. Mzee Barnabe, Mrundi tunayesali naye, alikuwa amemwambia bosi wake kwamba anamjua mtu mwembamba, mwenye nguvu, asiyeogopa buibui. Mawili ya kwanza yalikuwa kweli. Nyumba za zamani za huku zimenyanyuliwa kidogo kutoka ardhini, na chini ya sakafu kuna nafasi ya kutambaa kwa tumbo. Wanaume wa Craig walikuwa na vitambi. Nikapewa tochi ya kichwani, kamba, na ncha ya waya, nikaambiwa niingie mbele ya nyumba nitokee jikoni.

"Ukikwama, piga sakafu," Mzee Barnabe akaniambia.

"Nikikutana na nyoka?"

"Piga kwa nguvu zaidi."

Nilitoka upande wa pili na utando usoni na waya mkononi, na Craig akapiga makofi. Nakumbuka yale makofi. Nilifurahi kama mtoto. Kambini nilikuwa nachaji simu za watu kwa betri za gari na kipande cha sola, nikijua chanya na hasi na kwamba ukikosea unanuka moshi. Sasa mzungu ananipigia makofi. Tulikuwa hivyo wote, tulishukuru mno. Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Sasa kazi yenyewe. Nyumba nyingi za Sydney hazina joto la mabomba. Watu huvaa soksi mbili na kulaumu hali ya hewa. Wenye uwezo wanafunga boila ya gesi, maji ya moto yanapita chini ya sakafu mpaka kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, katika kila chumba. Boila ni nguvu tu, akili haina. Akili yote iko kwenye nyaya. Themostati ya ukutani inasema hapa kuna baridi. Valvu kwenye bomba inasikia, inajifungua taratibu, na ikimaliza kujifungua inabonyeza kiswichi kidogo kilichomo tumboni mwake. Hicho kiswichi ndicho kinachoamsha pampu na boila. Ndiyo maana valvu ikifa, nyumba nzima inaganda na watu wanalaumu boila bure. Kabla hujaigusa boila, weka kiganja kwenye valvu. Kama inanguruma kidogo na hakuna kinachofuata, ugonjwa uko hapo.

Na ule waya wa rangi ya chungwa unaotoka kwenye valvu msiuamini hata siku moja. Umezima themostati, umeridhika, kumbe kiswichi kimeganda na waya bado una moto.

Kesi iliyonichekesha kuliko zote ilikuwa ya mume na mke wazee, kila mmoja na chumba chake cha kulala kwa sababu ya kukoroma. Babu aliona baridi, akapandisha themostati. Bibi akachemka, akashusha yake. Babu akaganda zaidi, akapandisha zaidi. Walikuwa wamenuniana majira yote ya baridi. Fundi aliyetangulia alikuwa amebadilishana nyaya mbili kwenye boksi. Kila mmoja alikuwa anatawala chumba cha mwenzake. Mzee Barnabe alizirudisha mahali pake, akafunga mfuniko, akaniambia kwa Kiswahili, "Tuondoke kabla hawajaanza kuombana radhi, tutachelewa."

Huyo ndiye Mzee Barnabe. Bujumbura alikuwa fundi kamili. Huku alianza kwa kusukuma mop, akasoma upya akiwa na mvi, mpaka akapata leseni. Craig ndiye aliyemchukua na kumpa miaka ya kufanya kazi chini ya uangalizi ambayo serikali inadai. Mzee hakulisahau hilo hata siku moja. Kila mkutano wa asubuhi akiulizwa kama ana neno, alisema, "Thank you, boss." Vijana wa Kenya walikuwa wanamwigiza.

Kupima kwake kulikuwa kama ibada. Anachukua testa, anaigusisha kwanza mahali penye umeme anapopajua, ili aone kama testa yenyewe ni nzima. Halafu anapima waya anaotaka kuugusa. Halafu anarudi kupima pale pa kwanza tena, kwa sababu testa inaweza kufa katikati. Akimaliza anasema kwa sauti, "Imekufa." Baada ya hapo anafunga kufuli jekundu kwenye swichi na kutia ufunguo mfukoni mwake. Kila mtu wa kazi alikuwa na kufuli lake. Langu nililiandika jina kwa rangi ya kucha.

Halafu Craig akapata kazi kubwa ya maghorofa na haraka zikaingia. Kufuli zikawa zinachelewesha: fulani kaenda kula na ufunguo, fulani karudi nyumbani nao. Asubuhi moja Shane, msimamizi wetu, akapita kwenye magari na ndoo ya rangi, akikusanya kufuli zote.

"Boss's orders, darl," akaniambia.

"Na sisi tufunge na nini?"

Akanirushia tepu ya bluu. Akacheka. Shane, kama umesomewa haya, bado nakusikia ukicheka.

Mzee Barnabe aliisokota ile tepu kidoleni, akaitazama. "Boss anajua anachofanya," akasema.

Sasa Kensington. Nyumba ya matofali, mama mmoja mwenye nyumba, mtaratibu, anatuletea chai ya maziwa. Kazi ilikuwa kuunganisha tanki lake la maji ya kuoga na mfumo mpya wa joto. Tanki lilikuwa na kipasha maji cha umeme, wa ule wanaouita off-peak. Kwa ambaye hajaujua: ni umeme wenye laini yake peke yake na swichi yake kwenye boksi la mita nje. Hauji muda wote. Kampuni ya umeme ndiyo inayoufungulia ikipenda, kwa ishara inayotumwa kwenye mita, na miaka yote ulikuwa unakuja usiku watu wamelala. Kwa hiyo mchana ukipima, hata swichi ikiwa imewashwa, unakuta umekufa. Umekufa kwa muda tu. Hakuna anayegusa kitu, na saa yake ikifika unafufuka. Na laini nyingi za zamani za namna hiyo hazina ile swichi ya usalama inayokata umeme ukimpiga mtu.

Siku hizi mapaa ya Sydney yamejaa sola na mchana umeme ni mwingi kuliko watumiaji. Kwa hiyo mita mpya zinapangwa zichemshe maji mchana. Mita ya yule mama ilikuwa imebadilishwa siku chache kabla. Aliyeagiza ibadilishwe ni Craig. Aliyejua saa mpya ni Craig. Sisi hakutuambia.

Asubuhi Mzee Barnabe alifungua boksi la mita, akashusha swichi ya tanki, akalitafuta kufuli kwa mazoea, hakuna, akaizungushia tepu ya bluu. Akapima. Imekufa. Nikaingia chini ya nyumba, mahali nyaya za tanki zinapokutana na boksi letu.

Kabla ya chakula nikiwa huko chini nikasikia viatu vya Craig. Vinalia, anavipenda vya ngozi ngumu. Ukuta wa mbele una matundu ya hewa karibu na ardhi, na boksi la mita liko juu yake, kwa hiyo nilikuwa namsikia kama redio. Anamwonyesha mama mwenye nyumba mita yake mpya, anasifia. Mama akauliza kitu. Craig akasema, "Don't worry about that, love." Nikasikia tepu inabanduliwa, mnaijua ile sauti. Halafu tak. Kifuniko kikafungwa. Viatu vikaondoka, gari likawaka.

Mtaniuliza, ulisikia na ukaendelea? Nilisikia, ndiyo. Nilidhani bosi wa mafundi umeme anajua umeme.

Tukala. Tuliporudi nilimwuliza mzee, "Muzee, imekufa?"

"Imekufa, mama."

Testa ilikuwa mfukoni mwangu, na hapa ndipo wazungu wa bima waliponishika: kwa nini hukupima tena baada ya chakula? Niliwajibu na nawajibu tena. Kwetu mtu mzima akishakuambia kitu, hukikagui mbele ya macho yake. Ni kumwambia wewe muongo. Ningechungulia sufuria ya mama mkwe wangu kuona kama ameosha mchele? Mzee aliyenifundisha kila nilichokijua amesema imekufa. Nikaingia. Na alisema kweli, kwa sababu wakati huo ilikuwa bado imekufa.

Magoti yangu yalikuwa kwenye udongo wenye unyevu. Nilikuwa nimeshika waya kwa mkono wa kulia, bisibisi kwa wa kushoto, saa mpya ya mita ilipofika. Siwezi kuwaelezea maumivu kwa sababu sikuyapata kwanza. Nilipata kukamatwa. Mkono ulijifunga wenyewe kwenye waya, na mdomo haukutaka kutoa sauti. Nikapiga sakafu kwa kisigino, kama nilivyofundishwa Lidcombe.

Mzee Barnabe aliingia. Mtu wa umri ule, mwenye mgongo mbovu, alitambaa kwa tumbo na kipande cha ubao mkavu, akaupiga mkono wangu mpaka ukaachia. Akanivuta kwa kiatu. Vidole viwili vya kulia vilikatwa hospitali, na vilivyobaki ni pambo. Moyo nao unaruka hatua zake. Lakini nipo.

Craig hakuja hospitali. Alimpigia simu Mzee Barnabe, akamwambia kwa upole kwamba alipofika aliikuta swichi ya tanki imewashwa, kwamba uzee ni uzee, na kwamba akimweleza mkaguzi wa serikali kwa ukweli, atamtafutia kazi ya stoo hata leseni ikienda. Mzee akaamini. Sijui nieleze vipi. Mtu aliyepima kila waya mara tatu aliamini kwamba mkono wake mwenyewe ulimdanganya, kwa sababu aliyesema ni yule aliyempa kazi.

Mnazijua desturi zetu. Jumamosi kabla ya siku ya mkaguzi, walikuja nyumbani kwangu Minto: mchungaji, Mzee Barnabe amevaa koti la harusi, na mkewe, Mama Josiane, na sufuria kubwa la maharage na ndizi limefungwa kitambaa. Aliyeumiza analeta chakula, aliyeumizwa anakula, na hapo mambo yamekwisha.

"Mama Neema, tumekuja na maneno," mchungaji akaanza.

"Karibuni. Kaeni, maneno yasimame."

Mzee akapiga goti. Nikamwambia inuka, hakuinuka. "Dada yangu, ni mimi niliyekuambia imekufa. Kichwa changu kimezeeka. Nimekuja uniachilie. Jumatatu nitamwambia yule mkaguzi hivyo hivyo."

"Nani kakuambia umesahau?"

"Boss aliikuta imewashwa."

"Aliikuta au aliiwasha? Nilikuwa chini ya miguu yake, Muzee. Nimesikia tepu yako ikibanduliwa."

"Ulikuwa umeumia, mama. Mtu akiumia anasikia mengi."

"Nilikuwa bado sijaumia!"

"Craig ni mtu mzuri. Ndiye aliyetutoa kwenye mop."

"Alikupa kazi. Hakukununua."

Mchungaji akainua mikono. "Tusihukumu. Mzee ameomba. Mama, sema neno tu, tule."

Mama Josiane alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa. Mvuke ukatoka. Neema wangu alisimama mlangoni, akaninong'oneza, "Mum, just forgive him, please." Na mimi nilimpenda yule mzee kuliko kaka zangu. Lakini niliona kitu ambacho wao hawakukiona. Nikimsamehe, kosa linakuwa lake. Limepokelewa, limeliwa, limetiwa muhuri mbele ya mchungaji, na Jumatatu analipeleka mwenyewe kwa mkaguzi kama mtu anayepeleka mzigo alioagizwa.

"Sisamehi," nikasema.

"Mama Neema!"

"Sisamehi. Funga sufuria, Mama Josiane, urudi nalo."

Kurudisha sufuria limejaa! Mama Josiane alilia. Mchungaji alisahau Biblia yake kwenye kiti. Mzee Barnabe aliinuka taratibu, akashika ukuta, akanitazama kama mbwa uliyempiga teke bila sababu. Nikamwambia akiwa mlangoni, "Siwezi kukusamehe kosa la mwingine. Likipata mwenyewe, mlete."



Jumapili iliyofuata, benchi langu kanisani lilikuwa na nafasi tele. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha nisikie, "Moyo wake uliungua pamoja na mkono." Nikageuka nikamwambia, "Ungeungua, ungenukia. Njoo unuse." Nimekaa kwenye benchi hilo peke yangu majira mazima, nikiimba kuliko wote.

Yaliyotokea Jumatatu alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa amejifunza sentensi yake kwa Kiingereza: it was my mistake. Akakaa mbele ya mkaguzi, dada mmoja kijana, na sentensi ikakataa kutoka. Angekuja ameshasamehewa, ingetoka. "Nilikuwa na kosa mkononi na hakuna aliyelipokea," alisema. "Nikaanza kulitazama upya." Basi badala ya kukiri, akaeleza tu mikono yake ilifanya nini. Ilifungua boksi. Ilishusha swichi. Ilitafuta kufuli, kufuli zimechukuliwa kwa ndoo. Ilizungusha tepu ya bluu.

"Tepu iko wapi sasa?" dada akauliza.

"Sijui," mzee akasema.

Ndipo mkaguzi akampigia simu yule mama wa Kensington, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, maana mtu akishapatikana wa kukiri, nani atahangaika kuuliza tena, hata mimi niliyekuwa chini? Mama akasema bila kusita, "Craig ndiye aliyelifungua boksi kunionyesha mita, akabandua kitepu cha bluu, akakitupa kwenye maua yangu." Kilikuwa bado kwenye maua.

Msingoje niwaambie Craig yuko jela. Kampuni iliadhibiwa, ikafa, na baada ya muda mfupi ikafufuka kwa jina jingine na magari yaliyopakwa rangi mpya, kama umeme wa tanki. Wapo kati yenu mnaomfanyia kazi sasa hivi. Mnamjua kwa viatu. Ndiyo maana nimeandika jina.

Basi nilichojifunza ni hiki. Kufuli nunua la kwako, ufunguo uwe mwilini mwako, na atakayekuja na ndoo mwambie aweke kidole chake humo kwanza. Pima mbele ya mzee wako, na mpe testa naye apime mbele yako. Mkizoea itakuwa heshima kama kupeana mikono. Laini ya tanki usiiamini hata ikiwa imelala, izime, ifunge. Na atakayekupa kazi mshukuru mara moja, kwa sauti, halafu nyamaza. Shukrani ya kila asubuhi ndiyo iliyomfanya mwenzangu atake kulipia kosa la mtu mwingine.

Mzee Barnabe alikuja wiki chache baada ya mkaguzi kumaliza. Mchana, peke yake, bila koti, bila mchungaji, bila sufuria. Nilikuwa nasonga ugali kwa mkono mmoja, na atakayesema ni rahisi aje ajaribu. Akasimama kwenye mlango wa wavu.

"Hodi."

"Umekuja kuomba nini tena?"

"Siombi. Ni Craig."

"Sikusikii vizuri."

"Ni Craig! Craig ndiye aliyewasha!" Jirani yetu Mkenya akatoa kichwa dirishani.

"Basi ingia, ugali unapoa."

Alinawa, akakaa. Nikampakulia. Kwetu hatumpi mtu mzima chakula kwa mkono wa kushoto. Ni tusi, hata mtoto anachapwa. Mimi wa kulia sina tena. Nikanyoosha sahani kwa huo nilio nao, nikamtazama machoni.

Mzee Barnabe akaipokea kwa mikono miwili.